Miguu Ambayo Ekai Alikataa Kuiosha

Jamani, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na juzi mmoja wenu ameniuliza matangani nikiwa na wali mdomoni: "Mwalimu Mghoi, kule Turkana kulikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vimeunganishwa ovyo. Kuna anayesema nilitumbukia kisimani. Kuna anayesema Mchungaji Jeremia alilia. Basi nimeketi niandike mara moja, mpokezane karatasi hizi, mniache nile kwa amani. La kisima ni nusu ya kweli. La Jeremia ni kweli tupu.

Kwa asiyejua, safari ilikuwa hivi. Makanisa yetu ya huku milimani Taita yanamtunza mwinjilisti mmoja kule Kakuma, jina lake Ekai, Mturkana wa kuzaliwa, anayeliongoza kanisa dogo ambamo wenyeji na wakimbizi wa Sudan husali pamoja. Kamati yetu ya misheni ilitaka kujua kama anafaa kuendelea. Nikatumwa mimi, mwalimu mstaafu, nikafundishe semina ya uongozi wa Kikristo siku nne, na wakati huohuo nimpime Ekai kwa fomu yenye maswali saba, kila swali Ndiyo au Hapana. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwakio, mnamjua, aliniambia bila kupepesa macho: "Hapana moja tu, tunamtoa. Jeremia atakwenda kukaa mahali pake."

Jeremia alikuwa amesimama hapohapo. Ni mchungaji kijana, ana mke, watoto watatu wadogo na ngozi inayobabuka hata kwa jua la hapa Wundanyi. Akaambiwa anisindikize ili akajionee makao yake mapya, endapo. Sijawahi kuona mtu akimwombea mwenzake afaulu mtihani kwa bidii kama ile.

Kitale mpaka Kalemng'orok, juu ya kabichi

Ya kufika Kitale nayaruka, hayana ladha. Pale tulipata lori la kabichi linalokwenda Lodwar, la dereva mmoja wa Bungoma aitwaye Wanyonyi, mtu mnene mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Mimi nilipewa kiti cha mbele kwa sababu ya umri wangu. Jeremia akapanda nyuma juu ya kabichi pamoja na abiria wengine wanane na turubai moja.

Tulishuka mlima wa Marich kwa mwendo wa kinyonga, na kila kona joto likaongezeka kama mtu anayechochea moto chini ya sufuria. Nilikuwa nimevaa sweta. Nikaivua. Kisha nikavua soksi. Wanyonyi akanitazama kwa jicho la pembeni, akasema, "Mama, simama hapo hapo, bado tuko mbali."

Kainuk tulisubiri askari wa kusindikiza magari kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Tulisubiri kwa muda wa saa tano. Askari walipokuja walikuwa wawili, na mmoja aliuliza kama lori lina nafasi kwa kuwa gari lao halina mafuta. Kwa hiyo walinzi wetu walipanda juu ya kabichi wakakaa na Jeremia, na ulinzi wenyewe ukawa ni sisi kuwabeba. Jeremia aliniambia baadaye kwamba mmoja alisinzia bunduki ikiwa imemlalia yeye Jeremia begani, naye hakuthubutu hata kupiga chafya.

Tulipofika Kalemng'orok springi ikavunjika. Wanyonyi alitazama chini ya lori, akacheka, akasema ni lazima ipatikane nyingine kutoka Lokichar. Tukashuka. Vibanda vichache, mbuzi wengi, na kivuli cha mgunga kilichokuwa kimejaa wazee wa Kiturkana. Mzee mmoja aliinuka kutusalimu, "Ejok," akatupa mkono. Jeremia, kwa kuchoka, akaona kigoda kidogo cha mti alichokuwa amekikalia yule mzee, akakikalia. Alidhani ni cha wageni.

Sasa kile kigoda, ndugu zangu, ndicho kiti cha mwenyewe mchana na mto wake akilala. Mtu hukibeba kila aendako, na hakuna anayekikalia ila yeye. Mzee alisimama juani mbele ya Jeremia akimtazama, na wenzake wote wakamtazama Jeremia, na Jeremia akadhani wanangojea neno la Mungu. Akawahubiria. Dakika ishirini nzima kuhusu mwana mpotevu, bila mkalimani. Alipomaliza, yule mzee akanyoosha mkono akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Sasa rudisha."

Springi ilifika kesho yake adhuhuri. Hapo katikati tulikula kabichi ya kuchemsha, kabichi ya kukaanga na, asubuhi, kabichi iliyobaki. Wanyonyi alisema zitaoza zote asipopata kusaidiwa.

Lodwar

Ekai alikuwa akitungoja Lodwar tangu jana yake. Nilikuwa nimemwazia mtu wa makamo mwenye kola nyeupe na sauti nene. Nikaona mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akala za matairi miguuni, na kofia yenye unyoya mmoja wa mbuni. Aliwasalimu watu wote wa lori kabla hajatufikia sisi: askari, Wanyonyi, hata mama mmoja aliyekuwa na kuku. Wageni rasmi tukawa wa mwisho. Nikalitia hilo akilini.

"Mwalimu, umekuja?" akaniuliza.

"Nimekuja."

"Na mvua umeleta?"

"Sikuleta."

"Haidhuru. Hata wale wengine hawakuleta."

Alitupeleka kwenye hoteli moja ya mabati tukala samaki mkavu wa ziwani na ugali. Jeremia akanunua tunda la mkoma kwa mama wa njiani, lile gumu la rangi ya kahawia, akalitafuna kwa muda wa saa nzima kwa adabu. Hakujua kwamba huguguna ganda la nje tu na kokwa huachwa. Alikuwa akijaribu kula kokwa.

Palepale mezani nikaanza kazi yangu kwa ujanja. Swali la pili la fomu lilisema: Je, huwatangulia watu wake? Nilikuwa nimeona kwamba kila tunapokwenda Ekai yuko nyuma. Tukivuka barabara, nyuma. Tukiingia mlangoni, nyuma. Nikamuuliza kwa nini.

"Mwalimu, wewe umechunga mbuzi?"

"Sisi tuna ng'ombe wawili, wamefungwa zizini."

"Basi hujui. Mbuzi unafuata nyuma. Ukitangulia, ile yenye mguu mbaya inabaki na wewe huoni. Utafika na zile nzuri peke yake."

Jeremia akanikanyaga mguu chini ya meza. "Jibu zuri sana hilo, Mama Mwalimu," akasema. "La kibiblia kabisa. Ndiyo. Andika Ndiyo."

Nikaandika Ndiyo, ila nilisitasita kwanza, ili Jeremia atoke jasho. Mimi ni mwalimu, na mwalimu asiyemtesa mtu kidogo hawezi kazi yake.

Lodwar mpaka Kakuma

Siku ya kwenda Kakuma magari yalikusanyika asubuhi yaende msafara mmoja. Sisi tulikuwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa sukari. Ilipaswa kuondoka saa mbili. Saa nne Ekai bado alikuwa akizunguka akitafuta kikongwe mmoja wa Kakuma aliyekuja kuuza mbuzi, akakosa bei, akakosa na njia ya kurudi. Dereva akapiga honi. Mimi nikapiga kelele. Ekai akaja naye taratibu, bibi na mbuzi wake.

Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Bibi akakaa. Mbuzi akapakatwa na Jeremia.

Swali la nne la fomu lilikuwa juu ya kutunza muda, na kalamu yangu ilikuwa imeshakaribia karatasi. Lakini gari la mbele yetu, lililoondoka saa mbili kamili, tulilikuta katikati ya jangwa limezama mchangani mpaka mlangoni, nao watu wake wakatusihi tuwavute. Nikaona si vizuri kumhukumu mtu kwa kuchelewa wakati waliowahi ndio wanaomngojea. Ndiyo nyingine. Jeremia alipoona nimeandika, akamkumbatia mbuzi.

Bibi yule aliitwa Mama Nakiru, na mkumbuke jina hilo kwa sababu ndiye aliyenifundisha mengi kuliko niliyokwenda kufundisha. Njia nzima aliniomba tumbaku. Nikamwambia situmii. Akaniomba niwe nayo hata kama situmii. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kanisa. Akamgeukia Ekai wakasemezana, nikauliza amesema nini.

"Anauliza unafundisha nini kama huna kitu cha kupa watu."

Kakuma, siku ya karai

Kanisa lenyewe ni nguzo, makuti ya mkoma juu, na hakuna ukuta. Liko katikati ya mji na kambi, kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema ameingia kwa wenzake. Wanafunzi wangu walikuwa kama thelathini. Upande mmoja Waturkana na vigoda vyao, upande mwingine Wasudani warefu ajabu wakiwa wamekaa juu ya mitungi iliyolazwa. Mkalimani wa upande ule alikuwa Mwalimu Deng, mkimbizi aliyekuwa akifundisha watoto kambini. Kila nilipokosea jambo alisema "malesh" kwa upole, nami nilidhani ananisifu, mpaka siku ya tatu alipokanyaga kidole changu na kusema neno lilelile.

Siku tatu zilikwenda vizuri. Tulikula mbuzi wa kuchemsha asiye na chumvi, na kwa mke wa Deng tukala mkate mwembamba wa mtama na dengu. Maswali sita ya fomu yalikuwa yamejibiwa, sita Ndiyo. Jeremia alianza kuimba akijinyoa.

Swali la saba nililiweka la mwisho kwa sababu lilikuwa langu, nilikuwa nimelitunga mwenyewe na kujivunia. Je, kiongozi yuko tayari kuwaosha watu wake miguu? Mnajua jinsi tunavyofanya hapa kanisani wiki ya Pasaka, jinsi watu wanavyotokwa machozi. Nikasema siku ya nne tutamaliza kwa Ekai kuwaosha miguu watu kumi na wawili, Waturkana sita na Wasudani sita. Nikaagiza karai kubwa na mitungi miwili ya maji iliyojaa. Taulo nilikuwa nimekuja nalo kutoka nyumbani, jipya, lenye maua.

Asubuhi hiyo maji yaliletwa. Sikuuliza yameletwa na nani. Niliyamimina karaini mimi mwenyewe, kwa madaha, kutoka juu ili yasikike. Kanisa zima likanyamaza kabisa. Nikasema moyoni, tazama Roho anavyofanya kazi.

Nikawapanga wale kumi na wawili. Nikasimulia jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Nilipokuwa nasimulia, mbuzi watatu waliingia, maana ukuta hakuna, wakaweka midomo karaini. Nikawapiga na taulo. Wakarudi. Watu walinitazama mimi kwa hasira, si mbuzi, nalo likanishangaza.

"Haya, Mwinjilisti," nikasema. "Piga magoti."

Ekai hakuinuka. Alikuwa ameketi nyuma ya wote, kama kawaida.

"Mimi siwezi kuosha, Mwalimu."

Deng alitafsiri, kisha akatazama chini. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kama anajiona mkubwa kuliko Bwana, ambaye aliosha.

"Yesu alikuwa na maji," akasema Ekai. "Mpaka alitembea juu yake. Angekuwa hapa Kakuma, angetembea kuitafuta."

Waturkana wakacheka. Deng akatafsiri, na baada ya kitambo kidogo Wasudani nao wakacheka. Ni mimi peke yangu niliyebaki bila kucheka. Miaka thelathini darasani sijawahi kujibiwa hivyo, na uso uliniwaka. Ekai akaja mbele, akaniomba ruhusa kwa macho, wala hakungoja nimpe. Akachukua kikombe akachota, akampa Msudani mzee aliyetoka mbali zaidi kambini. Kisha Mama Nakiru. Kisha mmoja wa upande huu, mmoja wa upande ule, mpaka karai likafika chini. Jeremia naye akanywa, msaliti yule. Yaliyobaki na mchanga wakapewa mbuzi. Ekai hakunywa, kwa sababu hayakumfikia.

Nami nilisimama na taulo langu kavu la maua. Nikatoa fomu, nikatoa kalamu ya wino, nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo Jeremia alipolia. Hakulia kwa siri. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mama Mwalimu, watoto wangu hawajawahi hata kwenda Voi!" Nikamwambia alichoandika mwalimu kimeandikwa.

Kakuma mpaka laga, kwa miguu

Asubuhi yake, kabla sijanawa uso, Mama Nakiru alikuwa mlangoni na mtungi mtupu. Aliuweka miguuni pangu.

"Kuja," akasema. "Maji ya jana imekwisha. Twende tulete ingine ya miguu yako."

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa bado na kiburi, na mtu mwenye kiburi huwa hakatai kitu akichokozwa. Nikabeba mtungi.

Tulitembea mpaka jua likatoka na kuanza kuuma. Laga ni mto wa mchanga, mto kweli mvua ikinyesha milimani, lakini siku nyingine zote ni mchanga mtupu mweupe. Katikati ya mchanga ule kulikuwa na shimo lenye kina cha watu watatu kusimamiana mabegani. Wanawake wamejipanga ndani ya shimo, mmoja chini kabisa, mwingine juu yake kwenye ngazi ya udongo, na mwingine, wakipandishiana kopo la maji mkono kwa mkono, wakiimba. Nikauliza wimbo unasema nini.

"Inasema mgeni ametoka mbali sana apate kuoshwa miguu," akasema Mama Nakiru bila haya. "Ni wimbo mpya. Tumetunga jana."

Nikataka kuona huko chini. Ndipo lile la kisima: sikutumbukia, nilishuka kwa hiari yangu. Kupanda ndiko kulikonishinda. Wanawake watatu walinivuta mikono na wa chini akanisukuma mahali ambapo tangu afe mume wangu hakuna aliyenisukuma. Lakini kabla ya aibu hiyo nilikaa chini kule kama nusu saa, nikaona. Maji hayapo. Kuna mchanga uliolowa. Unauchimba kwa mkono, unangoja. Maji yanakuja kama jasho la mtu, kidogo, kidogo. Unachota robo kikombe. Unangoja tena. Nikamuuliza yule wa chini mtungi mmoja hujaa kwa muda gani. Akaonyesha jua kwa kidole, akakisogeza mbali.

Nilimimina mitungi miwili kutoka juu ili isikike.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimelisema hilo kwa watoto wa watu maisha yangu yote, nikiwa nimelala pazuri.

Kando ya shimo niliona foleni ya mitungi, na nikaona jambo lingine: mmoja wa Mturkana, mmoja wa Msudani, mmoja wa Mturkana, mmoja wa Msudani. Maana bomba za kambini zikikauka nao huja hapa. Nikamuuliza Mama Nakiru nani amepanga hivyo.

"Ekai. Tulipigana hapa, mwalimu. Mawe, fimbo. Mimi mwenyewe nimepiga mtu." Alilisema hilo kwa furaha kidogo. "Ekai akaingia ndani ya shimo, akakaa chini. Akasema, mkitaka kurusha mawe, rusheni. Mimi sitoki mpaka mtungi yenu ipangwe. Alikaa tangu asubuhi mpaka jioni. Sisi kiu, yeye kiu, na maji iko miguuni yake, hakunywa."

Mtungi wangu ulipojaa nusu wakanitwisha, nao wakacheka kwa sababu nilitembea kama mlevi. Nilipofika kanisani nusu ile ilikuwa robo, na gauni langu lilikuwa limelowa. Mama Nakiru alilitazama gauni kwa huzuni kuliko alivyonitazama mimi.

Nikamtafuta Ekai. Nilimkuta akishona akala. Nikampa fomu aisome, na nikamwambia nitaandika nyingine, nitaweka Ndiyo ya saba. Jeremia alikuwa nyuma yangu ameshashika karatasi safi.

Ekai alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akanirudishia.

"Hapana, Mwalimu. Hii ni sawa. Uliniuliza kuosha, nikakataa. Usibadilishe."

"Watakutoa, Ekai! Hapana moja tu, wanakutoa."

"Na ukiandika Ndiyo? Mwaka ujao atakuja mwalimu mwingine, ataona Ndiyo. Atasema, Ekai anaosha miguu, leteni karai." Akaivuta sindano. "Hawa mama wamebeba mara moja. Hawatabeba mara mbili."

Jeremia akaketi chini mchangani. Nami nikaikunja fomu ile yenye HAPANA, nikaitia mkobani, na njia nzima ya kurudi ilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Lodwar sikumbuki tulikula nini. Wanyonyi alitupakia tena, safari hii lori likiwa tupu, na Jeremia akalala sakafuni mahali pa kabichi mpaka Kitale.

Wundanyi, mlimani

Kikao cha kamati kilikuwa Jumamosi saa nne, katika ofisi ile ya juu kanisani. Waliofika walikuwa saba. Mzee Mwakio akakaa kwenye kiti chake, akafungua kwa maombi, akasema, "Mwalimu, tupe fomu."

Nikawaambia fomu sinayo. Nimeiacha kule chini mtoni, penye jiwe la kufulia, pamoja na mitungi saba. Kila mmoja alete mtungi wake umejaa, na Mwenyekiti alete na fomu, asiifungue mpaka afike hapa.

Mlisikia kelele siku ile, nyinyi mliokuwa mkipalilia viazi kwa jirani. Walisema nimepigwa na jua la Turkana. Walisema mwanamke huyu sasa amezidi. Lakini walitaka kujua kilichoandikwa, na udadisi wa wanakamati mnaujua. Wakashuka. Mimi na Jeremia tukakaa dirishani tukiwahesabu wakipanda. Katibu alipumzika mara nne. Mzee Mwakio alianza na mtungi kichwani, akauweka begani, akaukumbatia tumboni, na kipande cha mwisho aliuburuta akiusemesha. Kutoka mtoni mpaka ofisini si mbali, mnajua wenyewe, na mto wetu una maji mengi, wala hakuna aliyengoja yatoke mchangani.

Walipoingia wakaitua mitungi sakafuni. Nikasogeza karai nililokuwa nimeliandaa. Nikachukua mtungi wa Mzee Mwakio nikaumimina. Nikatandaza taulo la maua.

"Mwenyekiti," nikasema, "vua viatu. Tukuoshe miguu."

Alinitazama. Akalitazama karai. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, na shanga za jasho zinamdondoka puani. Akasogeza miguu yake nyuma, chini ya kiti.

"Mwalimu Mghoi," akasema akihema, "usithubutu. Maji haya nimeyabeba mimi."

Ndipo nikamwambia afungue fomu. Alisoma Ndiyo sita. Akafika la saba, akaona herufi zangu kubwa, akainua macho, nami nikamsimulia habari za laga na shimo na maneno ya Ekai, yote, hata ya akala. Jeremia alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza.

Mzee Mwakio akaomba kalamu. Nilijua anakwenda kuikata ile Hapana aweke Ndiyo, nikainuka nimzuie, maana Ekai alikuwa amenikataza. Akanionyesha kiganja, nikae. Akaacha jibu langu kama lilivyo. Akachora mstari mmoja mrefu, polepole, akalikata swali lenyewe.

Kisha akauliza kama pale ofisini kuna kikombe.